Gharama ya Elimu na Mlipaji Wake

Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayebisha kwamba elimu ni bora kuliko ujinga. Elimu imeyafukuza maradhi yaliyokuwa yakimaliza vijiji, imefupisha safari, na imempa mnyonge silaha ya kujitetea mbele ya mwenye nguvu. Lakini kila kitu bora kina gharama, na penye gharama pana mlipaji. Mwanafunzi hulipa kwa usingizi wake, mzazi hulipa kwa jasho lake, na mtaalamu hulipa kwa miaka mingi ya upweke kati ya vitabu na vyombo vyake. Malipo hayo ni ya halali, kwa kuwa anayelipa ndiye aliyekubali kulipa. Swali ninalotaka kulipima katika insha hii ni jingine: je, ni halali mtu kutafuta elimu, hata iwe elimu yenye manufaa makubwa, kwa gharama ya mtu mwingine asiyejua kwamba anatozwa?

Swali hilo ni la kale, lakini limevaa nguo mpya katika tamthilia moja ya televisheni ya Marekani iitwayo Fringe. Tamthilia hiyo ilitungwa na J. J. Abrams, Alex Kurtzman na Roberto Orci. Ilianza kuonyeshwa tarehe 9 Septemba 2008, ikamalizika tarehe 18 Januari 2013 baada ya sehemu 100. Jina lake lina maana ya ukingo au pindo, nalo hudokeza mahali ambapo sayansi inayokubaliwa na wengi hukoma, na mambo ya ajabu huanza.

Hadithi hufunguka ndani ya ndege itokayo Hamburg kwenda Boston. Sumu isiyojulikana huwashika wasafiri, nyama ya miili yao ikayeyuka, na ndege ikatua ikiwa haina hata mtu mmoja aliye hai. Olivia Dunham, mpelelezi wa FBI, hupewa kazi ya kuutafuta ukweli. Katika kutafuta huko, hupata jina la mtaalamu mmoja tu aliyewahi kufanya kazi iliyofanana na maajabu yale. Huyo ni Dakta Walter Bishop, aliyekuwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa muda wa miaka 17. Olivia humtafuta mwana wa mzee huyo, Peter, ili amtoe baba yake. Maabara ya zamani iliyo chini ya jengo moja la Chuo Kikuu cha Harvard hufunguliwa tena, ng'ombe mmoja huletwa kwa ajili ya majaribio, na kazi ya upelelezi huanza.

Katika hadithi nyingi za upelelezi, mhalifu huongozwa na tamaa ya fedha, au wivu, au kisasi. Katika hadithi hii, aghalabu mhalifu ni mtu msomi. Hakuvunja nyumba ili aibe. Amevunja mwili wa mwenziwe ili ajue. Tena, kila wapelelezi wanapozifuata nyayo za uovu, mara nyingi nyayo hizo huwarudisha mlangoni pa mzee yule yule wanayemwomba msaada. Dawa aliyoibuni zamani, chombo alichokichora, wazo alilolitupa na mwingine akaliokota: yote yamekua, yakazaa, na sasa yanaua. Walter husaidia kuzima moto ambao kuni zake alizikata mwenyewe.

Natuchukue mfano wa kwanza kutoka katika tamthilia hiyo. Walter na rafiki yake William Bell waliamini kwamba mtoto huzaliwa na uwezo wa akili usio na mpaka, na kwamba uwezo huo hupungua kadiri anavyokua. Wakatengeneza dawa ya kuuzuia usipungue, kisha wakawapa watoto wadogo huko Jacksonville, katika jimbo la Florida. Watoto hawakujua wanapewa nini. Miaka ikapita, watoto wakawa watu wazima, na mbegu iliyopandwa ndani yao ikaota kwa namna ya kutisha. Mmoja wao aliona hisia zake zikiwaambukiza watu walio karibu naye, hata huzuni yake ikawa mauti ya wengine. Na Olivia, mpelelezi mwenyewe, aligundua kwamba alikuwa miongoni mwa watoto hao. Aliyetumwa kuutafuta uovu alikuta kwamba uovu huo umeandikwa katika damu yake kabla hajajua kusoma.

Yamkini msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya kubuni, na kwamba si busara kuzihukumu sayansi za kweli kwa hadithi za televisheni. Neno hilo lingekuwa na uzito lau historia ingekuwa safi. Historia haikuwa safi. Mwaka 1932, idara ya afya ya serikali ya Marekani ilianza uchunguzi wa ugonjwa wa kaswende huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Wanaume weusi 600, wengi wao wakulima maskini, waliingizwa katika uchunguzi huo. Kati yao 399 walikuwa na ugonjwa, na 201 hawakuwa nao. Wagonjwa hawakuambiwa ukweli wa maradhi yao. Waliambiwa kwamba wana damu mbaya. Walipewa chakula siku za kupimwa, na ahadi ya gharama za maziko. Katika miaka ya 1940 ilijulikana kwamba penisilini huponya kaswende, lakini watu hao hawakupewa, kwa sababu mabwana wa uchunguzi walitaka kuona ugonjwa unavyoendelea mpaka mwisho wake. Jambo hilo lilidumu miaka 40. Lilikoma mwaka 1972, baada ya magazeti kulifichua, na mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake.

Wala tusidhani kwamba mambo ya namna hiyo yalikuwa ya nchi za mbali peke yake. Katika miaka ya 1906 na 1907, Robert Koch, mganga wa Kijerumani aliyekuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu, alikaa katika Visiwa vya Ssese, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiwaua watu kwa wingi mno, naye alikuja kuutafutia dawa. Aliwadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili, ambayo ina aseniki ndani yake. Alipokiongeza kipimo cha dawa hiyo, baadhi ya wagonjwa walipofuka macho. Haifai kumsingizia Koch kwamba alikuja kwa chuki, maana watu walikuwa wakifa, na dawa ilikuwa ikihitajiwa. Lakini mgonjwa aliyefika kwenye kambi yake akiona, akatoka haoni tena, ana haki ya kuuliza kama aliwahi kuelezwa jambo ambalo lingeweza kumpata.

Hapo ndipo mtetezi wa sayansi husimama na hoja yake iliyo kubwa kuliko zote. Husema kwamba dawa haiwezi kujulikana bila kujaribiwa, na kwamba jaribio haliwezi kufanywa bila mtu wa kwanza. Hutukumbusha habari za Edward Jenner, mganga wa Uingereza, ambaye mwaka 1796 alimchanja mtoto wa miaka 8, James Phipps, kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, kisha baadaye akamtia usaha wa ndui yenyewe ili aone kama atapona. Mtoto hakuugua. Kutokana na kazi hiyo chanjo ilienea, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Mtetezi huuliza: je, mngependa Jenner angelala usingizi, na mamilioni ya watu wafe, ili mtoto mmoja asichanjwe?

Hoja hiyo haidharauliki, nami sitaki kuipita pembeni kama mtu apitaye mbwa aliyelala. Lakini natuitazame vizuri. Tunamsifu Jenner kwa kuwa James Phipps alipona. Lau mtoto yule angekufa, tendo la Jenner lingekuwa lile lile, mkono ule ule, kisu kile kile na nia ile ile, ila sisi tungeliita kwa jina jingine. Basi sifa tunayompa inatoka katika bahati iliyomwangukia baada ya kutenda, na bahati haiwezi kuwa mwalimu wa maadili. Mtu akivuka njia kuu akiwa amefumba macho, akafika salama ng'ambo ya pili, hatuwafundishi watoto wetu kuvuka kwa namna hiyo. Tunaweza kushukuru kwa matunda tuliyoyapata, na papo hapo tukakataa kuifanya njia yake kuwa sheria.

Tena hoja hiyo huficha jambo jingine. Husema lazima awepo mtu wa kwanza. Haisemi kwa nini mtu huyo awe daima mtoto, au maskini, au mfungwa, au mwenyeji wa nchi iliyotawaliwa. Kama manufaa ni ya wanadamu wote, kwa nini hatari iwe ya wanyonge tu? Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtaalamu anayemchoma mwingine mkuki wa jaribio na aulize kwanza kama angekubali mkuki huo uingie katika ubavu wa mwanawe. Akisita, kusita huko ni ushahidi kwamba dhamiri yake inajua jambo ambalo ulimi wake hautaki kulisema.

Mwaka 1947, huko Nuremberg katika Ujerumani, mahakama ilitoa hukumu juu ya waganga na maofisa waliowafanyia wafungwa majaribio ya kikatili katika wakati wa utawala wa Hitler. Pamoja na hukumu hiyo, mahakama iliweka kanuni kumi za majaribio juu ya wanadamu. Ya kwanza kati ya hizo yasema kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayejaribiwa ni sharti lisiloweza kuachwa. Hili ndilo jibu kwa hoja ya mtetezi. Mtu wa kwanza na awepo, lakini aelezwe, aelewe, aweze kukataa, na aweze kuondoka. Hapo hageuki kuwa panya wa maabara. Huwa mshirika katika kazi ya kutafuta elimu, na heshima ya ushindi huwa yake pia. Watu wa namna hiyo wamekuwapo na wangali wapo, na dawa nyingi tunazokunywa leo ni deni letu kwao.

Sasa natuchukue mfano wa pili wa tamthilia, ulio mgumu kuliko wa kwanza, maana ndani yake hamna tamaa ya elimu wala ya sifa. Mna mapenzi ya baba kwa mwanawe. Walter alikuwa na mwana mmoja, Peter, aliyeugua akafa mwaka 1985, naye baba yake hakuwahi kuipata dawa. Lakini Walter alikuwa amebuni dirisha la kutazamia ulimwengu wa pili, uliofanana na wetu, ambamo aliishi Walter mwingine mwenye Peter mwingine, naye mgonjwa kwa maradhi yale yale. Siku moja aliona kupitia dirisha hilo kwamba Walter wa pili ameifikia dawa, lakini akageuza uso kwa dakika moja tu, asione kwamba dawa imefaulu. Mtoto wa pili angekufa ilhali dawa ilikuwa mbele ya macho ya baba yake.

Walter akaamua kuvuka. Msaidizi wake alimwonya kwamba kuvunja ukuta uliopo kati ya malimwengu mawili kutaleta maangamizi, hakusikia. Alivuka akiwa na dawa, chupa ikavunjika, ikambidi amchukue mtoto aje amtibu upande wa pili. Alikusudia kumrudisha. Mtoto akapona. Lakini mama aliyekuwa amemzika mwanawe alipoiona sura ile imesimama tena mbele yake, hakuweza kuiachilia, na baba hakuwa na nguvu ya kumnyang'anya mkewe furaha hiyo. Peter hakurudishwa. Ng'ambo ya pili, baba na mama wengine waliamka wakakuta kitanda kitupu. Ukuta uliovunjwa ukaanza kupasuka, na watu wasiojua lolote juu ya Walter wala mwanawe wakafa katika nyufa hizo, katika malimwengu yote mawili.

Ni nani kati yetu atakayethubutu kurusha jiwe la kwanza? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi naona kwamba kosa la Walter halikuwa katika kutaka kuokoa mtoto aliyekuwa akifa, kwa kuwa huruma haikuumbiwa mipaka ya ukoo wala ya ulimwengu. Kosa lilizaliwa mahali pawili. Kwanza, alipoweka hatari juu ya watu wengi bila kuwauliza, akajifanya hakimu wa maisha ambayo hayakuwa yake. Pili, alipomweka mtoto baada ya kumponya, kisha akaificha kweli kwa miaka mingi. Hapo huruma iligeuka wizi. Tena wizi wa namna hiyo ni wa hatari kuliko wizi wa mwivi wa kuku, maana mwivi wa kuku anajua kwamba ameiba, lakini mtu aibaye kwa mapenzi huamini kwamba ametoa sadaka. Nia njema inaweza kupunguza ukali wa hukumu yetu juu ya mtendaji. Haiwezi kumrudishia machozi yake yule aliyetendwa.

Na Walter mwenyewe alilijua hilo. Alikwisha kuwa na hofu juu ya kiburi chake, hata akamwomba Bell aondoe sehemu za ubongo wake, ili mtu aliyekuwa akigeuka kuwa asikue zaidi. Katika uzee wake alianza kumwomba Mungu msamaha, ingawa zamani aliamini sayansi peke yake. Aliomba ishara: tulipu nyeupe, ua ambalo halichanui katika majira yale. Katika sehemu moja iliyoonyeshwa mwaka 2010, anakutana na mtaalamu mwingine aitwaye Peck, anayetafuta njia ya kuurudisha nyuma wakati ili amwokoe mchumba wake aliyekufa. Walter anamweleza habari zake zote, na kumwonya asirudie kosa lake. Mwishoni Walter hupokea bahasha, na ndani yake mna karatasi yenye picha ya tulipu nyeupe.

Ishara ile ilimfariji mzee, lakini haikumaliza deni. Walter alikuwa bado hajamwambia Peter ukweli. Peter aliugundua mwenyewe, akamwacha kwa hasira. Hapa pana fundisho linalostahili kukumbukwa na kila mtu wa dini na kila mtu asiye na dini. Msamaha uombwao mbinguni hauondoi wajibu wa kukiri mbele ya mtu uliyemkosea duniani. Ni rahisi kulia mbele ya Mungu usiku, mlango ukiwa umefungwa; ni vigumu kusema mchana mbele ya jirani, mimi ndiye niliyefanya.

Mwisho wa tamthilia hutoa jibu la swali tuliloanza nalo. Inahitajika kazi moja itakayoiokoa dunia, nayo yamtaka mtu aende katika wakati ujao asirudi tena. Walter huenda yeye mwenyewe, akamwacha mwana aliyempenda kuliko vyote, yule yule ambaye kwa ajili yake aliwahi kuwatwisha wengine hasara. Katika ujana wake elimu yake ililipiwa na watoto wa Jacksonville, na mapenzi yake yalilipiwa na wageni wa malimwengu mawili. Katika uzee wake alitia mkono mfukoni mwake mwenyewe. Tofauti kati ya Walter wa kwanza na Walter wa mwisho haikuwa katika wingi wa akili, kwa kuwa akili alikuwa nayo tangu mwanzo. Ilikuwa katika nani anayelipa.

Mwanafunzi mpendwa, huenda unafikiri kwamba habari hizi zinawahusu waganga wakuu na maabara za Ulaya na Marekani, na kwamba wewe mwenye daftari na kalamu hazikufikii. Fikiri tena. Mtoto mgeni akiingia kidato cha kwanza, yuko mwenzake atakayempa habari ya uongo ili aone atalia au hatalia. Yuko atakayemficha viatu ili ajue atafanya nini, na atakayemnywesha kitu asichokijua huku wengine wakitazama na kucheka. Wakiulizwa, husema, tulikuwa tukimjaribu tu. Neno hilo "tu" ndilo lililokuwa mdomoni mwa mabwana wa Tuskegee kwa miaka 40. Mtu anayezoea kumfanya mwenziwe kitu cha kujaribia bwenini, hataacha tabia hiyo mlangoni pa hospitali siku atakapokabidhiwa sindano.

Basi soma kwa bidii, wala usiiogope elimu, maana ujinga nao una makaburi yake. Uliza kila swali, fungua kila kitabu, na ukiweza fika hata kwenye ukingo ambako wengine wamerudi nyuma. Lakini kila unapotaka kujua jambo kupitia mwili au moyo wa mtu mwingine, simama kwanza mbele yake, umtazame usoni, umweleze yote unayoyajua na yote usiyoyajua, kisha ungoje jibu lake. Akisema ndiyo, mshukuru. Akisema hapana, rudi nyumbani ukatafute njia nyingine.